Makabidhiano

Kaa, Ndeenengo. Kiti kina miguu mitano
na mmoja umefungwa waya; usiegemee kushoto.
Upepo watoka mashariki, noti nane.
Mawingu yamekaa mabegani mwa Meru, hayajaamua.
Sesna mbili zaja toka Seronera. Ya nyuma ina haraka,
rubani wake ana haraka tangu azaliwe; mwambie asubiri.
Ng'ombe wa Kisongo wamerudishwa nje ya uzio.
Hayo yamo kitabuni. Tia sahihi.

Yasiyomo ni haya.

Nilipoingia, mnara mzima tulikuwa wanne
na zamu ya mtu mmoja, alfajiri hadi machweo.
Ukibanwa haja, unaomba anga litulie.
Nilijifunza kunywa chai nusu kikombe,
kusema "subiri" kwa sauti ya mtu aliyelala usiku.

Siku Afraeli Nnko alipoanguka, kipaza sauti mkononi,
ndege ya watu kumi na wawili ilikuwa juu ya mibuni ya Burka
ikiuliza, ikiuliza.
Mfagizi wetu, Mama Ndelilio, ndiye aliyepanda ngazi,
akabonyeza kitufe kama alivyotuona tukibonyeza:
"Baba, zunguka kwanza. Huku kuna mgonjwa."
Rubani akazunguka mara tisa.
Ripoti ikaandikwa: hitilafu ya mawasiliano.

Jioni ile nikanunua daftari la kurasa arobaini.
Majina saba, wawili wao wa zimamoto.
Ada tuliitia kwenye kopo la maziwa ya unga.
Barua tatu rasmi hazikujibiwa. Ya nne
niliitunga kwa vina, nikaibandika mlango wa kantini,
maana barua hufungiwa kabatini, ubeti hutembea:

     Mtu mmoja hatoshi, anga lote kulilinda,
     Chai yake haiishi, na kibofu chamshinda,
     Si ubishi, si uzushi, hesabuni mkipenda,
     Tupeni mwenzi wa zamu, mbingu zisije kupinda.

Hata wapishi waliijua kwa moyo.

Kugoma, sheria ilitukataza. Basi hatukugoma.
Tulifuata kitabu.
Dakika mbili zikawa dakika mbili, si moja na nusu.
Kila neno, rubani alirudie.
Kufikia saa nne foleni ilifika kwenye mabanda,
propela zikipuliza vumbi juu ya kofia za watalii,
na meneja akapanda ngazi, mara yake ya kwanza, akihema:
"Mnafanya nini?"
"Kazi, mzee. Leo tunaifanya."

Wakanihamishia Moshi, adhabu ya upole.
Uwanja wa ndege mbili kwa wiki na mbuzi kila siku.
Miezi kumi na minne niliitazama Kibo
kama mtu anavyomtazama mkwe:
kwa heshima, bila la kusema.
Huku nyuma, wengine walirudisha kadi.
Sikuwalaumu —
hapana, niliwalaumu. Mmoja niliacha kumsalimu
hadi siku ya msiba wake,
na hapo salamu haikuwa na pa kutua.

Mtu wa pili kwenye zamu alikuja mwaka uliofuata.
Waraka ulisema: kwa hisani ya uongozi.
Nimeutunza. Ukitaka kucheka, uko droo ya chini,
chini ya betri zilizokufa.
Afraeli hakurudi mnarani. Ana kitalu cha miparachichi Usa River,
na ndege ikipita juu huinua uso,
midomo inacheza, hatoi sauti.

Uliniuliza wiki yako ya kwanza
kwa nini chumba kidogo namna hii kina viti viwili,
nikakujibu kwamba kimoja ni cha wageni.
Nilikuwa nimechoka siku ile.

Haya, shika. Panguza masikioni, jasho langu halijakauka.
Daftari nimekuachia; kurasa sita bado nyeupe.
Yule mwenye haraka anaita.
Mjibu.